Kambi Si Matembezi: Hotuba kwa Wazazi na Viongozi wa Kata, Manispaa ya Kigoma Ujiji

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, walimu wakuu, viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa mitaa, wazazi na walezi mliofika: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi vijana mliosimama juani tangu saa mbili asubuhi, kaeni chini sasa. Gwaride limekwisha, na hotuba hii haitakuwa fupi.

Nilitakiwa kusoma taarifa ya mwaka ya kundi letu la skauti. Taarifa hiyo ipo, imechapwa, na kila mwenye kuihitaji atapewa nakala yake. Nimeomba nitumie muda huu kujibu swali ambalo wazazi wengi wameniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa hasira kidogo: kama nia ya skauti ni kuwatumikia watu, kwa nini watoto wapelekwe milimani na ziwani, wakalale katika mahema, wapande mitumbwi, warudi wamechunwa na miiba, wakati mitaro ya mtaani kwetu imejaa taka na wazee wetu hawana wa kuwachotea maji? Kwa nini tusiwaache mjini wakafanya usafi, tukaokoa nauli na wasiwasi?

Jibu langu ni kwamba huduma ya maana inahitaji ujuzi na uvumilivu, na vitu hivyo viwili mtoto hafundishwi kwa kupewa ufagio. Anavipata mahali ambapo asipochemsha maji ataumwa yeye, na asipofunga fundo vizuri hema litamwangukia yeye. Akishavipata huko, anarudi mtaani akiwa na kitu cha kutoa.

Fikra hii si yangu. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza, na angeweza kuanza kwa kuwafundisha vijana kulenga shabaha. Mwaka 1907 aliwachukua wavulana 20 hadi kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, wengine watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida, akawafundisha kuishi kambini, kufuata nyayo, kutazama kwa makini na kuokoa maisha. Aliwagawa katika vikosi vinne vya watoto watano watano, kila kikosi na kiongozi wake ambaye naye alikuwa kijana. Miaka mitano baadaye skauti ilikuwa imefika Zanzibar, na mwaka 1917 ikaingia Tanganyika. Mzee huyo alifariki tarehe 8 Januari 1941 huko Nyeri, nchini Kenya, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Watu wengi wakisikia skauti hukumbuka skafu na kofia. Kwa maoni yangu, urithi wake mkubwa ni kile kikosi kidogo chenye kiongozi wa rika lile lile, na wazazi wa mji wa ziwani kama huu wetu wanapaswa kuelewa kwa nini.

Watoto wanaposhuka kwenye mtumbwi, mtu mzima mmoja hawezi kuwatazama wote. Anageuka kumsaidia mmoja, huku nyuma wengine wamekwisha kwenda kuosha miguu. Kiongozi wa kikosi ana watu wachache tu, anawajua kwa majina, kwa tabia na kwa maradhi yao. Anajua nani hajui kuogelea lakini hataki kusema, na nani ana pumu. Ndiyo maana katika kundi letu hesabu haipigwi na mimi. Kila kiongozi wa kikosi anahesabu wake, ananiletea, nami najumlisha. Mtoto wa miaka 14 anayeulizwa mbele ya wenzake “wako wote?” anajifunza jambo ambalo sijaona likifundishwa vizuri darasani.

Sasa niwapeleke kambini. Kambi yetu ya kwanza ya mwaka hufanyika kwenye vilima vya nyuma ya mji, mahali ambapo maji yako mbali na hakuna choo kilichojengwa. Kazi ya kwanza si kusimika mahema, ingawa watoto wote hukimbilia huko. Kazi ya kwanza ni choo na mahali pa kunawia mikono, kwa sababu watu wengi wakikaa siku mbili mahali pasipo na vitu hivyo, kuhara kutawafikia kabla ya giza la siku ya pili. Kikosi kimoja kinachimba. Kingine kinatengeneza kibuyu chirizi, na hapa naomba nieleze polepole, kwa kuwa wengi mmekiona mkapita.

Wanakata miti miwili yenye panda na kuichimbia ardhini, kisha wanalaza ufito juu ya panda hizo. Dumu la lita tano linatobolewa tundu moja dogo kwa msumari uliopashwa moto. Tundu linakaa juu, karibu na bega la dumu, si chini, ili maji yasitoke mpaka dumu liinamishwe. Dumu linaning’inizwa kwenye ufito kwa kupitisha ufito huo katika mkono wake. Shingoni mwa dumu inafungwa kamba inayoshuka hadi kwenye kijiti ambacho ncha yake moja inalala chini na nyingine imeinuliwa na kamba hiyo, nacho ndicho kikanyagio. Ukikikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, yanakatika. Mkono uliotoka chooni haugusi chochote isipokuwa sabuni, na sabuni yenyewe inaning’inia ndani ya chupa iliyokatwa ili mvua isiiyeyushe. Chini yake panawekwa kokoto, kwani maji yakituama hapo tutakuwa tumefuga mbu. Kifaa hicho ni cha vijiti, kamba na dumu lililotupwa, lakini kama kamba haikukazwa sawasawa kikanyagio kinagusa chini kabla dumu halijainama, na watoto hulazimika kufungua na kufunga upya mpaka kipatikane kipimo.

Mkoa huu unajua gharama ya kutonawa mikono. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima, pasipo maji salama wala vyoo vya kuwatosha. Kipindupindu kikaingia na watu wakafa. MV Liemba, meli iliyounganishwa hapa Kigoma kabla wengi wa babu zetu hawajazaliwa, ndiyo iliyofanya kazi ya kuwaleta watu hao mjini. Wengi waliomo katika mkutano huu waliwapokea watu wale, wakawapikia na kuwapa nguo, nami nasema hivyo kwa heshima. Hata hivyo nawauliza viongozi wa kata: ikitokea tena, ni vijana wangapi wanaoweza kuweka mahali pa kunawia kabla ya jioni bila kusubiri mradi? Ni wangapi wanaojua kwamba pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na kwamba mchanganyiko huo usizidi chumvi ya machozi? Hawa waliokaa hapa mbele wanajua. Wamepimishana wao kwa wao kambini, wakaonja, wakatema walipokosea.

Kutoka kambini ujuzi huo ulikwenda katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja kwa kuwa haikuomba kutajwa. Skauti waliweka vibuyu chirizi kando ya vyoo, wanafunzi wakafurahi, picha zikapigwa. Wiki chache baadaye kamba za vikanyagio zilikuwa zimegeuzwa kamba za kuruka, na sabuni zote zimekwenda nyumbani na wenyewe. Wengi wangeishia hapo na kulaumu shule. Vijana walirudi, wakafunga kamba fupi zisizofaa kurukia, na mahali pa kipande cha sabuni wakaweka maji ya sabuni ndani ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, kwa kuwa hakuna mtoto anayeiba maji ya sabuni. Kisha wakawateua wanafunzi wa darasa la tano kuwa wajazaji, wakakubaliana na mwalimu wa afya kwamba majina yao yatabandikwa ukutani. Naiona ziara hiyo ya pili kuwa ndiyo huduma. Ile ya kwanza ilikuwa ufunguzi tu.

Nakuja kwenye ziwa, ambako wasiwasi wa wazazi ni mkubwa zaidi, nao una haki. Tanganyika ina kina kinachofika karibu mita 1,470. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaweza kuanza ghafla ukalivuruga ziwa ambalo asubuhi lilikuwa limetulia. Sheria zetu za majini ni kali, na vijana huzilalamikia. Hatupandi chombo chochote bila majaketi ya kujiokolea, hata kama nahodha ni mjomba wa mtu. Hatusafiri alasiri. Nahodha akisema upepo si mzuri, safari imekwisha na hakuna mjadala. Na akiona mtu anazama, skauti haruhusiwi kumrukia majini. Anamnyooshea kasia au fito, na kama yuko mbali anamrushia kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu lililofungwa kifuniko, kwa sababu mtu anayezama humng’ang’ania mwokoaji wake na kumzamisha. Dumu la lita 20 likiwa tupu linambeba mtu vizuri, na madumu hayo yako kila nyumba ya pwani ya ziwa letu. Zoezi hili tunalifanya kwenye maji ya kiunoni, mmoja akijifanya anazama, wengine wakishindana kurusha, na naomba kila mzazi siku moja aje kutazama, kwani kurusha kamba ikafika si rahisi kama inavyoonekana.

Walimu wetu bora wa mambo haya hatukuwatoa mbali. Ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, wavuvi walikuwa nchi kavu wakishona nyavu na kukarabati mitumbwi. Ilikuwa miezi migumu kwa familia nyingi na sitaki kuipamba. Lakini kwetu sisi mwalo uligeuka shule. Tulikaa na wazee pale Kibirizi na Katonga wakatufundisha mafundo ambayo hayalegei yakilowa, namna ya kusoma mawingu upande wa Kongo, na jinsi taa zinavyowavuta dagaa usiku. Mzee mmoja alimfungulia kijana fundo lake mara tatu bila kusema neno, kisha akamrudishia kamba. Vijana nao wakalipa kwa kazi: waliokota vipande vya nyavu chakavu vilivyokuwa vimetapakaa ufukweni, ambavyo vikirudi majini huendelea kunasa samaki wasioliwa na mtu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, takataka tunazookota zimebadilika. Mifuko imepungua sana, chupa na nyavu ndizo zilizobaki. Viongozi wa mwalo wametupa mahali pa kuzikusanyia, nawashukuru.

Juu ya miti nitasema machache, kwa sababu kila mtu hupanda miti na kila mtu huhutubia juu yake. Vilima vinavyolitazama ziwa vikibaki uchi, mvua hushusha udongo hadi majini, na tope hufunika miamba ambamo samaki wadogo hujificha na kuzaana. Kwa hiyo mti wa mlimani ni habari ya mvuvi pia. Mradi wa TACARE, ule wa Taasisi ya Jane Goodall wa kupanda miti na kuhifadhi misitu pamoja na wanavijiji, ulioanza mwaka 1994, umevifanya vijiji vingi vya mkoa huu vielewe hivyo. Tatizo letu sisi watu wa mjini ni kwamba tunapanda siku ya sherehe wakati wa mvua, tunaondoka, na kiangazi kinapoingia mwezi Juni hakuna anayekumbuka. Kundi letu limeacha kuhesabu miche iliyopandwa. Kila kikosi kina eneo lake, kinabeba maji, kinazungushia miiba, na tunahesabu iliyo hai mvua zinaporudi. Idadi hiyo ni ndogo kuliko zile zinazosomwa kwenye risala. Mbuzi wa mtaa wa jirani wanajua sababu.

Mheshimiwa Diwani, hapa naomba uniruhusu niseme jambo kwa unyenyekevu. Kila panapokuwa na mgeni rasmi, skauti wanaitwa. Wanasimama barabarani, wanazuia umati, wanavisha wageni skafu, wanapiga saluti, na jioni wanarudi nyumbani bila hata maji ya kunywa. Hatukatai, kwani heshima kwa viongozi na kwa Mwenge wa Uhuru ni sehemu ya malezi yetu, na vijana wenyewe wanapenda gwaride kuliko kuchimba choo. Lakini kata ikiwajua skauti kwa sherehe peke yake, itakuwa imewanyima watu wake msaada walio nao tayari. Miaka hii ya karibuni ziwa lilipopanda na maji kuzifikia nyumba za pwani, kulikuwa na wazee waliohitaji kuhamishiwa vitu vyao, na kulikuwa na vijana waliojua kufunga mizigo, kutengeneza machela kwa fito mbili na mashati, na kutoa huduma ya kwanza. Hakuna aliyewaita kwa utaratibu. Walikwenda wachache waliosikia. Ombi langu ni kwamba jina la kundi letu na namba ya kiongozi wake viwe kwenye orodha ya ofisi ya kata inayotumika wakati wa maafa, na tuitwe kwa barua kama tunavyoitwa kwa sherehe.

Nimalizie na safari ya Gombe, kwa kuwa ndiyo inayokuja na ndiyo yenye maswali mengi. Tutaondokea Kibirizi asubuhi kwa boti. Hifadhi ile, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ni miongoni mwa ndogo kabisa nchini, lakini jina lake linajulikana duniani kote kwa sababu ya sokwe, na wapo watoto wa Kigoma ambao hawajawahi kufika. Wakubwa watapanda na mhifadhi hadi maporomoko ya Kakombe, na wadogo watabaki ufukweni na kazi zao. Kijana mwenye mafua au kikohozi hatasafiri, hata kama amelipa. Fedha yake itarudishwa. Hilo si kumkomoa. Sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu, na mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwaua na kuwalemaza baadhi yao palepale Gombe.

Wazazi wa wasichana, nazungumza nanyi peke yenu kidogo. Katika kundi letu wavulana hupata ruhusa kwa urahisi, wasichana hukwamia mlangoni, na sababu ninayopewa ni usalama. Siipuuzi. Wasichana wana mahema yao, wana kiongozi wa kike aliyepata mafunzo, na hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto mmoja faraghani, awe wa kike au wa kiume. Pamoja na hayo, nawakumbusha jambo lililotokea kwenye ufukwe huo huo wa Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika pale Julai 1960 alikuwa na umri wa miaka 26, na utawala wa kikoloni ulikataa msichana akae msituni peke yake. Mama yake hakumwambia arudi nyumbani. Alifuatana naye, akakaa kambini kwa miezi ya mwanzo, akawa anawapa dawa wavuvi wa jirani, huku binti akipanda mlima kila siku kuwatafuta sokwe. Binti huyo alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na mwaka 1991 ndiye aliyeanzisha Roots & Shoots na wanafunzi 12 Dar es Salaam, mpango wa vijana wa kutunza mazingira ambao baadhi ya shule zenu zina klabu zake.

Kwa hiyo mwaka huu tumefanya badiliko. Mama yeyote mwenye wasiwasi anakaribishwa kufuatana nasi. Kuna hema la akina mama, chakula ni kile kile cha watoto, yaani ugali wa muhogo, maharage na dagaa, na kazi ya jikoni itapangwa kwa zamu kama kwa wengine wote. Mama hatakuja kupika, maana watoto wanatakiwa kupika wenyewe na kula walichounguza. Kina baba nao hawakukatazwa, ingawa mpaka sasa hakuna aliyejiandikisha.

Fomu za ridhaa ziko kwa katibu, kwenye meza ile ya pembeni. Naomba mjaze kwa ukweli sehemu ya afya: pumu, kifafa, mzio wa chakula, dawa anazotumia mtoto, na kama anajua kuogelea au hajui. Mtoto hazuiwi safari kwa sababu ya kuwa na ugonjwa; anazuiwa kwa sababu ya kutousema. Kadi ya bima kwa mwenye nayo iambatanishwe. Mchango wa mafuta ya boti unaweza kulipwa kwa awamu, na familia isiyoweza izungumze na mimi faragha. Hakuna skauti atakayeachwa kwa nauli.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu ya kuuliza, na naomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma.